KUHESABU MARADHI: WALIOPIMWA, WAGONJWA NA WALIOLAZWA

Muhula huu nimekuwa kiranja wa afya wa bweni letu, na kazi yangu mojawapo ni kuandika katika daftari majina ya wenzangu wanaougua. Homa ilipoingia bwenini, siku ya Jumatatu niliandika wagonjwa 9, Jumatano wagonjwa 6, na Ijumaa wagonjwa 2 tu. Nilimpelekea mwalimu wa zamu daftari langu kwa furaha, nikamwambia kuwa maradhi yanakwisha. Usiku ule ule mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alibebwa kupelekwa hospitali, naye hajitambui kwa ukali wa homa. Jina lake halikuwamo katika daftari langu hata siku moja.

Kulipokucha niliwauliza wenzangu kitanda kwa kitanda, nikapata jibu. Ile ilikuwa wiki ya majaribio. Wengi waliokuwa na homa walinyamaza ili wasikose karatasi zao, nami nilikuwa nikiwaandika wale tu waliokuja kuomba ruhusa ya kwenda kutibiwa. Maradhi hayakupungua. Waliopungua ni watu waliokuja kwangu. Mwenzetu alipatikana na malaria, akalazwa, na namshukuru Mungu kuwa alipona na sasa yumo darasani. Lakini tangu siku ile sijapenda tena kuona tarakimu iliyosimama peke yake, nikaanza kusoma jinsi watu wazima wanavyohesabu maradhi ya nchi nzima. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu yale niliyoyapata.

Maradhi ya kuambukiza yanapoingia katika nchi au katika mkoa, kuna hesabu tatu ambazo hapana budi zifanywe pamoja. Hesabu ya kwanza ni ya watu waliopimwa. Ya pili ni ya watu waliopatikana na ugonjwa katika hao waliopimwa. Ya tatu ni ya watu waliolazwa hospitali. Watu wengi hupenda kusikia hesabu ya pili tu, kwa kuwa ndiyo itangazwayo redioni na kusemwa barazani. Nitajaribu kuonyesha kuwa hesabu hiyo bila ya wenzake haina maana kubwa.

Sisi tunaokaa pwani twaweza kulielewa jambo hili upesi kwa mfano wa uvuvi. Ukifika sokoni Lindi asubuhi ukakuta samaki ni wachache, je, utasema kuwa bahari imekwisha samaki? La hasha. Kwanza utauliza ni vyombo vingapi vilivyotoka usiku. Huenda pepo za kusi zilivuma kwa nguvu, na katika ngalawa ishirini zikatoka mbili tu. Samaki wamo baharini kama jana, ila hakuna aliyetupa wavu. Kupima watu ni kutupa wavu, na wagonjwa wanaotangazwa ni samaki waliofika sokoni. Hatuwezi kuwajua waliobaki majini mpaka tujue nyavu zilikuwa ngapi, na tena zilitupwa wapi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuwa katika wilaya fulani wiki ya kwanza walipimwa watu 20, wakapatikana wagonjwa 4. Wiki ya pili walipimwa watu 100, wakapatikana wagonjwa 10. Atakayesikia hesabu ya wagonjwa peke yake ataogopa, maana wametoka 4 wakawa 10. Lakini tukigawanya wagonjwa kwa waliopimwa, wiki ya kwanza twapata asilimia 20, na wiki ya pili asilimia 10. Basi huenda ugonjwa haukuongezeka, bali kazi ya kupima ndiyo iliyoongezeka. Mwezi wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa nchi isilegeze masharti ya kujikinga na korona mpaka asilimia hiyo iwe chini ya 5 kwa muda wa wiki mbili. Asilimia ikiwa kubwa sana ni dalili kuwa wanaopimwa ni wale walio taabani tu, na kwamba nje wamo wengine wengi wasiojulikana.

Hata hivyo asilimia nayo inaweza kutudanganya tusipouliza ni nani waliopimwa. Ukipima wasafiri tu, au wagonjwa wa kifua tu, utapata jibu la wasafiri au la wagonjwa wa kifua. Hutapata jibu la mkoa. Kadhalika yatupasa kuangalia wingi wa watu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028, na Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Wagonjwa 50 katika Lindi ni mzigo mzito kuliko wagonjwa 50 katika Dar es Salaam, kwa kuwa watu wa kule ni zaidi ya mara nne ya wetu. Kwa hiyo wataalamu hugawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wakazi kabla ya kulinganisha mkoa na mkoa.

Hesabu ya tatu, yaani ya waliolazwa, ina faida yake. Mtu mwenye homa ndogo anaweza kujificha, lakini mtu aliyeishiwa pumzi ni vigumu kumficha. Tena hesabu hii humwambia mganga mkuu jambo analolihitaji kila asubuhi: vitanda vingapi vimejaa, na mitungi mingapi ya hewa ya oksijeni inatakiwa. Lakini ina kasoro moja, nayo ni kuchelewa. Katika ugonjwa wa korona dalili huanza yapata siku tano baada ya kuambukizwa, na anayezidiwa huenda akafika hospitali wiki moja baadaye. Basi kitanda kilichojaa leo kinatuonyesha maambukizo ya wiki mbili hivi zilizopita. Anayengojea vitanda vijae ndipo achukue hatua ni kama nahodha anayengojea maji yafike magotini ndipo atafute tobo.

Msomaji atauliza, hesabu hizi hutoka wapi? Katika nchi yetu huanzia chini kabisa. Mgonjwa anapofika zahanati, jina lake, umri wake, mahali anapokaa na ugonjwa wake huandikwa katika vitabu vya MTUHA. Kutoka zahanati na vituo vya afya taarifa hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kutoka kwake hadi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na kutoka mkoani hadi Wizara ya Afya. Magonjwa mengi hungoja taarifa ya wiki au ya mwezi. Lakini yako machache ya hatari, kama kipindupindu na Ebola, ambayo hayaruhusiwi kungoja. Hayo hapana budi yatolewe habari ndani ya saa 24. Siku hizi habari nyingi huenda kwa simu na kwa kompyuta, lakini mwanzo wake ni ule ule, kalamu ya mhudumu mmoja na mgonjwa mmoja aliyekubali kwenda zahanati.

Mkoa wetu wa Lindi una mfano mzuri wa hesabu iliyofanya kazi yake. Mwezi wa Julai 2022, nilipokuwa kidato cha kwanza, watu katika Wilaya ya Ruangwa walipatwa na ugonjwa ambao haukujulikana. Waliugua homa, wakaumwa na kichwa, wakachoka sana, na wengine wakatokwa na damu puani. Tarehe 7 Julai habari kutoka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa ikafika Wizarani. Wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki dunia. Hofu ilikuwa kubwa, hata huku Mitwero watu walisema mengi. Wataalamu walichukua vipimo, wakaona kuwa si Ebola, wala si Marburg, wala si korona. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Bi. Ummy Mwalimu, akautangazia umma kuwa ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama na kumpata mtu kwa njia ya maji au udongo uliochafuka. Homa hiyo ina dawa.

Angalieni faida ya kazi ile. Hesabu ilikuwa ndogo, watu 20 tu, lakini ilikuwa kamili. Ilisema ni nani, wapi, lini, na amepimwa nini. Siku kumi na moja baada ya habari kufika Wizarani, ugonjwa usio na jina ulipata jina, na watu wakajua la kufanya.

Sasa nije kwenye korona yenyewe, UVIKO-19, ambayo kila msomaji wa gazeti hili anaikumbuka. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa msafiri aliyetoka Ubelgiji akafikia Arusha, na kipimo chake kilithibitishwa katika maabara ya taifa Dar es Salaam. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Mimi nilikuwa darasa la sita, nami nakumbuka tulivyobeba madaftari kurudi nyumbani, tukidhani ni likizo. Kila baada ya siku chache tulisikia redioni idadi ya wagonjwa wapya. Tarehe 29 Aprili jumla ilitangazwa kuwa 480, na baada ya taarifa ya Zanzibar mwanzoni mwa Mei ikawa 509, na waliofariki 21.

Wakati huo huo Rais John Magufuli alieleza mashaka yake juu ya vipimo, akisema kuwa sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara zikaonekana kuwa na virusi. Baada ya hapo utangazaji wa hesabu ulisimama. Mwezi wa Juni Rais alisema kuwa kwa rehema za Mungu nchi imeshinda ugonjwa, na mwisho wa mwezi huo shule zote zikafunguliwa. Katika majedwali ya dunia mstari wa Tanzania ulibaki kwenye 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Mimi ni mwanafunzi, na si kazi yangu kuwahukumu viongozi. Lakini naweza kusema neno juu ya hesabu. Kutilia shaka kipimo si kosa, na katika sayansi hata ni wajibu. Wakulima wa korosho wa mkoa huu hutilia shaka mizani mara nyingi. Hata hivyo sijamsikia mkulima akisema kuwa kwa sababu mizani ina mashaka, basi korosho zisipimwe. Husema mizani ikaguliwe, na korosho zipimwe tena mbele ya watu. Kipimo kibovu hutengenezwa kwa kipimo bora. Hakiponywi kwa kuacha kupima.

Nina sababu ya nyumbani ya kusema hivi. Babu yangu, aliyekuwa akikaa Kilwa Kivinje, alifariki dunia mwezi wa Februari 2021. Kifua kilimbana siku sita. Alifukizwa majani nyumbani, akasomewa dua, na siku ya saba alfajiri akatutoka. Hakupimwa, wala hakulazwa, kwa hiyo hayumo katika hesabu hata moja ya zile tatu nilizozitaja. Sisemi kuwa aliuawa na korona. Alikuwa mzee, na wazee hufa kwa mengi. Ninachosema ni kwamba hakuna awezaye kujua, si mimi, si baba yangu, wala mganga yeyote. Bibi alituuliza sisi wajukuu tuliomzunguka babu siku zile kama tulikuwa katika hatari. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Mwaka huo huo wa 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nayo mwezi wa Mei ilishauri, pamoja na mambo mengine, kuwa takwimu sahihi zitolewe kwa wananchi na kwa Shirika la Afya Duniani. Takwimu zikaanza kutolewa tena mwaka ule.

Majirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine tangu mwanzo. Mgonjwa wao wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na katika taarifa zake za miezi iliyofuata Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, alitaja sampuli zilizopimwa, walioambukizwa, na kaunti walizotoka. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliweza kujua habari za Mombasa, na yule wa Kisumu habari za Kisumu. Hii ndiyo faida ya kuhesabu kwa mikoa. Jumla ya taifa ni kama wastani wa darasa, haimwambii mwanafunzi yeyote kuwa amefeli somo gani.

Lakini tusidhani kuwa shida ya hesabu ni ya nchi maskini tu. Marekani, yenye majimbo 50, ilianza vibaya. Mwanzoni mwa Machi 2020 hapakuwa na taarifa ya serikali iliyoonyesha wazi ni watu wangapi waliokuwa wamepimwa nchini kote. Waandishi wawili wa jarida la The Atlantic, Robinson Meyer na Alexis Madrigal, waliuliza jimbo kwa jimbo, na tarehe 6 Machi wakaandika kuwa waliopimwa ambao wao wameweza kuwathibitisha ni 1,895 tu katika nchi nzima. Wakaungana na mtu mwingine, Jeff Hammerbacher, aliyekuwa akikusanya hesabu kama hizo peke yake. Hivyo ukaanza mradi ulioitwa COVID Tracking Project. Mamia ya watu wa kujitolea walijiunga nao. Kila siku walifungua taarifa za kila jimbo, wakanakili waliopimwa, wagonjwa, waliolazwa na waliokufa, mpaka walipofunga kazi tarehe 7 Machi 2021.

Kazi ile iliwafundisha jambo ambalo nami nililiona katika daftari langu dogo: maneno yale yale hayana maana ile ile kila mahali. Jimbo moja lilihesabu watu waliopimwa, na jingine likahesabu vipimo, hata mtu aliyepimwa mara tatu akawa tatu. Jimbo moja liliandika wagonjwa walio vitandani leo, na jingine likaandika wote waliowahi kulazwa tangu mwanzo. Ukijumlisha hesabu hizo bila kuuliza, unajumlisha maembe na nazi.

Kwetu pwani maradhi makubwa si mageni. Mwanzoni mwa mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akakuta kipindupindu kinaua watu wengi, na kipindupindu kilirudi tena pwani hii miaka ya 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri ugonjwa ulipita njia gani, na mwaka 1876 akatoa kitabu juu ya habari hizo. Alikusanya alichoweza. Lakini daftari la wafu wa Kilwa wa mwaka 1859 halikuwapo, na sasa hakuna awezaye kuliandika. Watu wale hawana idadi, kama vile babu yangu asivyokuwa na sababu iliyoandikwa.

Basi nimelipanga upya daftari la bweni letu. Zamani lilikuwa na safu moja tu, ya majina ya wagonjwa. Sasa lina safu nne: niliowauliza, waliosema wana homa, waliopimwa malaria na majibu yao, na waliolazwa. Kila jioni baada ya chakula napita kitanda kwa kitanda na kuuliza, hata kama hakuna aliyekuja kwangu. Siku nisiyoweza kupita naandika "sikuuliza". Siandiki sifuri, maana sifuri ni jibu, na "sikuuliza" si jibu. Nadhani hilo ndilo somo kubwa nililolipata muhula huu.

Nawaomba wenzangu mambo mawili. La kwanza, mnaposikia idadi ya wagonjwa wa ugonjwa wowote, ulizeni mara moja ni wangapi waliopimwa, na walipimwa wapi. La pili, mkiwa na homa semeni, hata ikiwa ni wiki ya mitihani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Karatasi ya jaribio twaweza kuiandika tena. Yule mwenzetu wa kidato cha pili aliandika yake baada ya siku kumi na mbili, akashika nafasi ya nne.